Sura ya Nne: Rangi Iliyohama Jumatano

Karatasi mia moja na ishirini zilikuwa zimebandikwa kwenye mbao za kukaushia, na zote zilionekana kama aproni ya mchinjaji siku ya Krismasi. Upande mmoja ulitakiwa uwe mwekundu na wa pili uwe mweupe pe. Lakini wekundu ulikuwa umevuka mpaka bila pasipoti, ukapenya hadi upande wa pili na kujimwaga huko kwa mabaka na michirizi.

Koplo Kavata alizunguka mbao hizo mara mbili, mikono nyuma, kama mnunuzi wa ng'ombe asiyetaka muuzaji ajue amependa. Katika miaka minne ya upelelezi alikuwa ameona watu wakijipaka damu ya kuku ili wadai wamepigwa. Karatasi kutokwa damu ilikuwa kesi yake ya kwanza.

"Umejionea mwenyewe, afande," alisema Ndila, mwenyekiti wa kikundi cha akina mama cha kutengeneza karatasi. Alikuwa na sauti ya kuongoza kwaya, na kichwani kitambaa cheupe cha akina mama wa kanisa, kimepigwa pasi hadi kinaweza kukata mkate. "Hii si bahati mbaya. Hii ni mtu. Na mtu mwenyewe ni yule."

Kidole chake kilielekea kona ya ghala. Huko, juu ya debe lililopinduliwa, alikaa Syombua. Mikono yake ilikuwa myekundu hadi viwikoni, jambo ambalo katika kesi nyingine lingetosha kumfunga mtu maisha. Ila Syombua ndiye aliyekuwa mtia rangi wa kikundi. Mikono yake ilikuwa hivyo tangu mwaka wa uhuru, alipokuwa akitia rangi katani za mamake za kusuka vyondo, na sasa ilikuwa 1987.

Kavata alitazama saa yake. Saa saba na robo. Asubuhi ile Inspekta Nzioka alikuwa amemsukumia karatasi ya malalamiko bila kuisoma hadi mwisho. "Mambo ya akina mama na makaratasi. Nenda wewe," alisema. "Saa kumi nitapita huko Kilungu na Landrova kumchukua mshukiwa. Ukiniambia ni mwingine, uwe na jina lake."

Kwa hivyo kulikuwa na chini ya saa tatu. Baada ya hapo Syombua angelala selo kwa kuharibu mali kwa makusudi, na barua ya kumfukuza kikundini ilikuwa tayari mezani, imeshatiwa sahihi kumi na moja.

"Nianzie mwanzo, mwaitu," Kavata alimwambia Ndila, kama Wakamba wanavyomwita mama kwa heshima, akifungua daftari. "Mimi karatasi nazijua za kufungia sukari tu."

Ndila alipenda kuulizwa. Alieleza kwamba karatasi walizitengeneza wenyewe hapa ghalani, palipokuwa zamani pa kuweka kahawa. Nyekundu ilitoka kwa katani, nyeupe kwa shina la mgomba. Aina zote mbili walifundishwa na mwalimu wao Mjapani, Bi Haruko, ambaye kwao watu wazima hukaa chini wakakunja karatasi hadi inakuwa ndege, chura, hata ng'ombe.

"Watu wazima?" Kavata aliuliza.

"Wenye mvi. Na wanalipwa." Ndila alitikisa kichwa. "Sasa, karatasi moja peke yake ikikunjwa mara kumi inapasuka. Kwa hivyo tunabandika mbili, mgongo kwa mgongo. Unalaza nyekundu kwa meza, unapaka uji wa ngano na burashi, unaweka nyeupe juu, unalainisha hewa itoke, halafu unabandika kwa ubao ikauke. Inakuwa nyembamba lakini kaidi. Mia tatu zinatakiwa Jumamosi, Bi Haruko anazipeleka maonyesho Nairobi. Jumatatu tulibandika mia moja na arobaini. Safi kabisa. Jumatano hizi. Na huyu Syombua ndiye alitia rangi zote."

"Zote kwa siku moja?"

"Siku moja, Jumamosi iliyopita, ndoo mbili. Ile ya pili ndio aliharibu. Hakuweka dawa ya kushika rangi. Rangi ikipata maji ya uji, ikatembea."

Hoja ilikuwa nzuri. Kavata aliiandika, akaipigia mstari, kisha akaenda kwenye debe.

"Mama, unajua kwa nini niko hapa."

"Kunipeleka," Syombua alisema. Hakuinua macho. "Nimevaa viatu."

Kweli alikuwa amevaa viatu, vya Jumapili, vimefungwa kamba mara mbili. Kavata alijifanya hakuviona.

"Ndoo ya kwanza na ya pili. Mtu anaweza kuzitofautisha sasa, baada ya kubandikwa?"

Kwa mara ya kwanza Syombua alimtazama, jinsi fundi anavyomtazama mteja aliyeuliza swali la maana. "Angalia pembe. Ndoo ya kwanza nakata pembe moja. Ya pili nakata mbili. Kama masikio ya mbuzi, ndio usichanganye na ya jirani. Kando zinapunguzwa baadaye, hakuna hasara."

Kavata alirudi kwenye mbao kwa hatua za haraka. Pembe moja. Pembe moja. Pembe mbili. Moja. Alihesabu mbao tatu nzima, kisha akaenda kwenye rafu ya karatasi safi za Jumatatu, akazipekua kama karani wa benki. Hizo nazo, moja na mbili, zimechanganyika.

"Mwaitu," alimwita Ndila. "Hizi zilizochafuka, nusu ni ndoo ya kwanza. Na hizi safi, nusu ni ndoo ya pili. Sasa ndoo ya pili imekosa nini, na Jumatatu iliwanyamazia?"

Akina mama waliokuwa mlangoni walisogea hatua moja ndani.

"Basi aliharibu zote mbili," Ndila alisema. "Na muulize kuhusu Faki. Muulize Jumanne ya wiki jana alipewa nini nyuma ya ghala, kwa gazeti, kama bangi."

Syombua alirudisha macho sakafuni, na mkono wake mmoja ukaenda kwenye mfuko wa rinda, ukakaa hapo. Kavata aliona mambo yote mawili. Hayakumfurahisha hata moja.

Faki hakuhitaji kutafutwa. Alikuwa nje, juu ya kigoda, na akina mama wanne wamemzunguka kama kuta za nyumba. Alikuwa mfanyabiashara wa Mwingi, mwenye kofia ya kushonwa kwa mkono na Kiswahili cha babu zake wa pwani.

"Afande mwanangu," alisema kabla hajaulizwa, "nimekuja na unga wa rangi kama nilivyokuja miezi yote. Nashuka tu, nakamatwa na jeshi. Hata chai sikupewa."

"Jumanne ya wiki jana ulimpa Syombua kitu kwa gazeti."

"Nilimpa."

"Nini?"

Faki alitazama mlangoni, akaona kitambaa cheupe cha Ndila, akashusha sauti. "Niliapa sitasema. Lakini sikuapa kwamba mwenyewe hatasema. Mwambie atoe. Ningali napenda kulala nyumbani kwangu."

Kavata alirudi ndani. "Toa, mama. Saa nane inakaribia, na Landrova ya bosi wangu haina subira."

Syombua alivuta pumzi. Akatoa kifurushi cha gazeti, akakifungua juu ya magoti. Ndani mlikuwa na donge la kahawia, linanata, lenye mbegu nyeusi zinazong'aa.

"Ukwaju?" Kavata aliuliza.

"Wa Nuu, kule Mwingi. Mkali. Haya ni mabaki." Syombua alisema haraka sasa, kama anayebwaga mzigo. "Rangi hii bila kitu kichachu haishiki. Kikundi kilipitisha tutumie ndimu, na ndimu ni za shamba la mwenyekiti. Lakini mwaka huu mvua ilizidi, ndimu ni maji matupu. Nikajaribu, rangi ikatoka. Nikamwambia Faki aniletee ukwaju, nalipa mwenyewe. Sikutaka kumwambia mtu mzima mbele ya watu kwamba ndimu zake hazina nguvu."

"Ndimu zangu?" Ndila alisema.

Mlangoni mtu alikohoa ili asicheke.

"Kwa hivyo hukufuata dawa ya kikundi," Ndila aliendelea, na sasa sauti ilipata nguvu ya kiitikio. "Afande, amekiri. Andika. Ukwaju wake ndio umeleta hii damu."

Kavata hakuandika. Jambo moja lilikuwa linamkuna. "Mama, ukimaliza kutia rangi, unajuaje imeshika?"

"Naichemsha na ukwaju. Nasuuza mpaka maji yanatoka kama ya kunywa. Naianika ikauke kabisa, si nusu. Halafu nachukua kitambaa cheupe, nakilowesha, nakibonyeza juu nikihesabu hadi hamsini. Kikitoka na rangi, karatasi inarudi kwa ukwaju. Kikitoka cheupe, inaenda kubandikwa."

"Zimebaki ambazo hazijabandikwa?"

"Mia moja na arobaini. Kwa sanduku."

"Naomba kitambaa cheupe," Kavata alisema, akiangalia huku na huku, na macho yake yakatua pale ambapo macho ya kila mtu yalitua.

Ndila alishika kichwa kwa mikono miwili. "Hiki? Hiki ni cha Bwana. Kikiingia rangi ya huyu, Jumapili nitasimama wapi?"

Kavata alitoa leso yake mwenyewe. Haikuwa nyeupe ya kujivunia, lakini ilikuwa na pembe moja iliyokuwa bado na aibu ya kuchafuka. Aliilowesha, akaibonyeza juu ya karatasi nyekundu kutoka sandukuni, na ghala zima likahesabu naye, wengine kwa Kikamba, wengine kwa Kiswahili, wakafika hamsini kwa nyakati tofauti.

Akaiinua. Hakuna kitu. Akachukua karatasi ya pembe mbili, akarudia. Hakuna kitu.

Kavata aliikunja leso polepole. Hii ndiyo sehemu ya kazi ambayo angeifanya hata bila mshahara, ingawa hakupanga kumwambia Inspekta hivyo. Rangi ilikuwa sawa Jumamosi. Ilikuwa sawa Jumatatu. Leo Alhamisi ilikuwa bado sawa sandukuni. Jumatano peke yake ndiyo ilitoroka. Maji matupu hayakuitoa. Basi Jumatano iligusana na kitu ambacho si maji matupu.

"Uji," alisema. "Ule wa kubandikia. Ulibaki?"

"Bi Haruko anataka mabaki yakae wiki," alijibu mama mmoja kijana kutoka mlangoni. Alikuwa Mbula, mpishi wa uji, mtoto mgongoni. "Ndio kukitokea shida tuangalie. Yako chini ya meza."

"Na shida ilipotokea, nani aliangalia?"

Kila mtu aliangalia mwenzake, ambayo si kitu walichoambiwa waangalie.

Makopo yalikuwa mawili, yameandikwa kwa chaki: JTT na JTN. Kavata aliyaweka mezani. Uji wa Jumatatu ulikuwa mweupe, umeanza kuchacha, na ukungu juu kama ndevu za mbuzi mchanga. Wa Jumatano ulikuwa laini kama losheni. Haukuwa na hata harufu ya kuchacha. Na ulikuwa wa manjano.

"Unga ni uleule?"

"Gunia moja," Mbula alisema.

"Mbona huu una rangi ya mandazi?"

Mbula aliinama, akashtuka. "Huo si wangu. Jumatano nilipeleka mtoto kliniki."

"Nani alipika?"

Mbula alimweka sawa mtoto mgongoni. Macho yake hayakwenda popote, na hapo Kavata akajua ni wapi yalikuwa yanakatazwa kwenda. Alichovya kidole kwenye kopo la Jumatano, akakipeleka ulimini. Ladha ya sabuni kidogo, chumvi kidogo. Akaijua papo hapo. Aliijua tangu akiwa na meno ya maziwa, jikoni kwa mamake, sufuria ya muthokoi ikichemka jioni nzima hadi mahindi yanakubali kushindwa.

Ungemwuliza mtu moja kwa moja, angekana. Kavata aligeuka na uso wa mjinga, uso aliokuwa amepandishwa cheo kwa sababu yake.

"Huu uji," alisema kwa sauti ya kuvutiwa, "huu umepikwa na mtu anayejua jiko. Angalia ulivyo laini. Hauna donge hata moja. Wa Jumatatu, samahani Mbula, una vidonge kama tetekuwanga."

Ndila alinyoosha mgongo. "Hawa wasichana wanakoroga tu. Uji unataka akili."

"Na kuni lazima ziliisha."

"Kuni?" Ndila alicheka. "Vijiti vitatu. Mimi napikia mkutano wa kanisa, watu mia nne, muthokoi na maharagwe, na saa sita wanakula. Unafikiri nawasha msitu mzima? Kijiko kimoja cha magadi na kila kitu kinalainika. Hata huu niliuwekea kijiko, vijiko viwili hivi, dakika tano ukawa tayari."

Mbula aliacha kumbembeleza mtoto wake, na mtoto akaamka.

"Magadi," Kavata alirudia taratibu, akiandika.

"Si kila mtu anaweka?" Ndila aliuliza, akitazama wenzake. Wengine walitikisa vichwa kukubali, kwa sababu ni kweli, kila mtu anaweka. Ila katika chakula.

"Syombua. Nipe kipande cha huo ukwaju, na maji."

Kavata aliukamua kwenye kikombe hadi maji yakawa ya kahawia. Akayapanga makopo mawili kando kwa kando, akina mama wakakaribia hadi pumzi zao zikamfikia shingoni. Hata Faki alikuwa ameingia, walinzi wake wakiwa mbele yake.

Kavata alimwaga kijiko cha ukwaju kwenye uji wa Jumatatu. Ukazama. Basi.

Akamwaga kijiko kwenye uji wa Jumatano.

Uji ulishtuka. Mapovu madogo yalipanda, yakafuatwa na wenzao, yakavimba, yakachemka bila moto, na sauti ndogo ya kunong'ona ikatoka kopoini kama watu wawili wanaogombana wakijaribu wageni wasisikie.

"Aiee," mtu alisema polepole.

"Hawa hawapendani," Kavata alisema. "Ukwaju ni mchachu, magadi ni adui yake. Rangi ya Syombua imeshikwa mkono na ukwaju. Jumatano ikapakwa uji wenye magadi, ukwaju ukaachilia mkono, na rangi ikahamia kwa jirani. Ndoo ya kwanza na ya pili, zote. Jumatatu uji haukuwa na magadi. Haikuhama hata moja."

"Wewe unasema tu," Ndila alisema, lakini sauti haikuwa tena ya kwaya.

"Basi nisiseme." Kavata alikata karatasi moja ya sandukuni katikati. Nusu moja akaipaka uji wa Jumatatu, nusu ya pili uji wa Jumatano, alioupata kando ambapo ukwaju haukufika. Akabandika nyeupe nyuma ya kila moja, kwa mkono mzito wa polisi. Zikasubiriwa. Hakuna aliyekwenda hata chooni.

Dakika ya saba, nyuma ya nusu ya pili, doa la waridi lilichungulia. Likatazama pande zote. Likakaribisha ndugu zake. Nusu ya kwanza ilibaki nyeupe.

Ndila alikaa chini. Alikaa juu ya debe la Syombua, kwa maana Syombua alikuwa amesimama.

"Mimi ndio niliandikisha polisi," Ndila alisema, si kwa mtu yeyote. "Mimi ndio nilipeleka barua watu watie sahihi."

Kavata alikuwa na la kusema, lakini Landrova ilikuwa imefika kabla ya wakati. Mlango ulipigwa, na Inspekta Nzioka akajaa mlangoni, kofia kwapani.

"Koplo. Mshukiwa."

"Yuko, bwana." Kavata alimtazama Ndila. Ndila alichomoa taratibu kutoka kikapuni mwake kijifurushi cha gazeti, kimesokotwa kama cha dukani. Kavata akakiweka kwenye kiganja cha Inspekta.

Nzioka alikifungua. "Hii ni magadi."

"Ndio, bwana. Hakuwa na nia mbaya. Alidhani anapika muthokoi."

Inspekta alitazama karatasi zenye mabaka, makopo, mapovu, akina mama kumi na wawili na Mwislamu mmoja aliyekuwa bado anasubiri chai. Akaamua, kama mtu mzima, kwamba hataki kuelezwa. "Mlalamishi anasemaje?"

Ndila aliinuka. Alichukua barua ya sahihi kumi na moja, akaipasua mara mbili, akaingiza vipande kwenye pipa la kuloweka karatasi kuukuu, zirudi kuwa rojo. "Mlalamishi alikosea jiko," alisema.

Landrova iliondoka nyuma tupu. Saa kumi kasoro dakika ishirini, jua bado kali kwenye kilima. Mbula alihesabu: mia moja na arobaini safi za Jumatatu, mia moja na arobaini sandukuni. Zingepungua ishirini, lakini Bi Haruko angeweza kuishi na ishirini. Kama zingebandikwa sasa hivi, kesho jioni zingekuwa kavu. Kama kila moja ingepimwa kwanza kwa kitambaa.

Kavata alinyoosha leso yake. Ilikuwa imejaa uji na ukwaju, haikuwa ushahidi wa kitu chochote tena.

Ndila alipandisha mikono, akafungua fundo kisogoni, akavua kitambaa cheupe. Nywele zake zilikuwa na mvi nyingi kuliko walivyodhani. Alikizamisha chote ndani ya beseni, akakikamua, akakitandaza juu ya karatasi nyekundu kuliko zote, na kukibonyeza kwa viganja viwili. Alihesabu kimoyomoyo, midomo ikitembea, hadi hamsini, kisha akaongeza kumi.

Alipokiinua, alikiangalia mwenyewe kwanza. Ndipo akakigeuzia wengine.

Cheupe.

Syombua alikuwa ameshavua viatu vya Jumapili. Alisogea mezani kwa miguu mitupu, akainamia karatasi, akaonyesha kwa kidole chekundu.

"Rudia, mwaitu," alisema. "Hiyo pembe hujafika."

Na mwenyekiti akarudia.